Fukwe za Marseille: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Marseille, mji wa pili kwa ukubwa nchini Ufaransa, umekaa na bahari tangu Wagiriki kutoka Phokaia walipotia nanga hapo yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Leo pia ni mji wa Wangazija kwa makumi ya maelfu, na kila kiangazi ndugu, jamaa na marafiki wanaozungumza Kiswahili hupita wakiuliza karibu maswali yale yale: twende kuoga wapi, na watoto je, na mbona maji ni baridi hivi?

Ufukwe uliokuwa peponi jana, leo unaweza kukutimua kwa upepo. Kwa hiyo, kila asubuhi tazama kwanza upepo, pili mvua ya jana, tatu siku ya wiki, ndipo uchague pa kwenda. Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo.

## Mambo ya msingi

Marseille kuna fukwe za kuogelea kweli, au ni mji wa bandari tu?

Zipo, na nyingi zimo ndani ya mji wenyewe. Bandari kubwa ya meli iko upande wa kaskazini wa kitovu cha mji. Ukielekea kusini kutoka Vieux-Port, ile bandari ya zamani ambayo sasa imejaa boti ndogo, unaingia kwenye barabara ya pwani iitwayo Corniche Kennedy, na kuanzia hapo fukwe hufuatana hadi Les Goudes, ambako nyumba huisha na majabali huanza. Basi la 83 kutoka Vieux-Port hupita Corniche yote hadi Rond-Point du Prado. Ukilijua hilo moja, nusu ya safari zako za baharini umezimaliza.

Ni mchanga au mawe?

Vyote viwili, na hapa wengi huvunjika moyo kwa sababu picha hazisemi ukweli wote. Mchanga utaupata Catalans, Prophète na Pointe Rouge. Prado ni changarawe na kokoto kwa sehemu kubwa. Malmousque ni mwamba mtupu. Kwenye calanques (tazama sehemu yake hapa chini) kuna vipande vidogo vya mchanga au kokoto kati ya kuta za mawe. Aliyezoea mchanga mweupe wa Diani au Nungwi asitarajie kuukuta hapa. Uzuri wa pwani hii ni maji yake maangavu na majabali ya chokaa yanayotumbukia baharini. Nunua viatu vya majini siku ya kwanza, ni rahisi na vinauzwa kila duka la vifaa vya michezo.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Ufukwe nchini Ufaransa ni mali ya umma, na sheria ya pwani ya mwaka 1986 inasisitiza kuwa watu wote waufikie bure. Mikahawa iliyopewa kibali cha kuweka vitanda na miavuli hutoza vitanda hivyo, lakini haiwezi kukuzuia kupita wala kutandika taulo lako kwenye sehemu iliyo wazi. Fukwe kubwa za mji zina mabomba ya kujisuuzia, nayo ni bure.

Bahari hujaa na kupwa kama kwetu?

Karibu haionekani. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3 hadi 4, na kila anayeenda kuoga huuliza kwanza saa ya maji. Marseille tofauti ni makumi machache ya sentimita. Huhitaji kalenda ya mwezi, na ukiacha viatu hatua tano kutoka majini utavikuta palepale jioni. Kinachoitawala bahari hii ni upepo.

Miezi ipi ni mizuri?

Mimi ningechagua Septemba bila kusita. Maji yamekwisha kupata joto la kiangazi kizima, shule zimefunguliwa, na nafasi ipo. Julai na Agosti jua ni kali, mji umejaa, na fukwe ndogo hujaa kabla ya saa tano asubuhi. Juni ni mwezi mzuri wa mwanga na siku ndefu, ila maji bado hayajakolea joto. Mei huoga wenye roho ngumu. Kuhusu majira ya baridi, tazama swali la mwisho kabisa.

## Kuchagua ufukwe ndani ya mji

Upi uko karibu zaidi na katikati ya mji?

Catalans. Kutoka Vieux-Port ni kama dakika 20 hadi 25 kwa miguu, au vituo vichache kwa basi la 83. Ni ufukwe mdogo wa mchanga uliokumbatiwa na majengo, watu wa mtaani hucheza mpira wa wavu, na wazee huogelea kila asubuhi mwaka mzima. Jirani yake kuna klabu ya kuogelea ya Cercle des Nageurs, iliyoanzishwa mwaka 1921, iliyolea waogeleaji kadhaa wa Olimpiki wa Ufaransa.

Tangu mwaka 2020 kuna jambo la ziada hapo: makumbusho ya chini ya maji. Sanamu zimewekwa kwenye sakafu ya bahari, kina cha kama mita 5, umbali wa mita mia moja hivi kutoka ufukweni. Anayejua kuogelea akiwa na miwani na mrija wa kupumulia anaweza kuziona bila kulipa chochote.

Kasoro yake ni msongamano. Jumamosi ya Julai, Catalans haikai mtu mwenye familia ya watu sita na mwavuli. Nenda saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu.

Nina watoto wadogo. Niende wapi?

Prophète, kwenye Corniche, kituo cha basi la 83 kiko juu yake kabisa. Mchanga upo, maji ni ya kina kifupi kwa hatua nyingi, na waokoaji huwepo majira ya joto. Familia za mitaa yote ya Marseille hukutana hapo, na si ajabu kusikia Kingazija kikizungumzwa kwenye taulo la jirani.

Ukikuta Prophète imejaa, endelea na basi hadi Prado, kisha utembee kusini kuelekea Bonneveine na Vieille Chapelle. Huko kuna vizuizi vya mawe vinavyokata mawimbi, na nyuma yake nyasi pana ambapo mtoto aliyechoka na bahari anaweza kukimbia. Pointe Rouge nayo inafaa siku isiyo na upepo. Mchanga wake ni mpana na vyakula viko karibu. Basi la 19 kutoka Castellane, kituo cha metro katikati ya mji, hufika, na katika msimu kuna boti ya usafiri wa umma kutoka Vieux-Port hadi Pointe Rouge. Chukua boti hiyo angalau mara moja, watoto watafurahi zaidi kuliko ufukweni kwenyewe.

Prado ni ufukwe wa aina gani? Wengine wanausifu, wengine wanaukimbia.

Wote wana haki, kwa sababu Prado si ufukwe mmoja. Ni mlolongo wa fukwe uliotengenezwa na binadamu katika miaka ya 1970, wakati wa meya Gaston Defferre: kifusi kilichochimbwa kujenga metro kilimwagwa baharini, kikasawazishwa na kupandwa nyasi. Ndiyo maana kuna nafasi kubwa kuliko mahali pengine popote mjini, na ndiyo maana chini ya miguu ni changarawe. Watu huja kucheza mpira, kurusha tiara, kula pamoja hadi usiku. Karibu na hapo, Roucas-Blanc, ndipo mashindano ya mashua za tanga ya Olimpiki ya 2024 yalipofanyikia.

Wanaoukimbia wanazungumzia mambo mawili: upepo, maana Prado iko wazi kwa upande wa magharibi, na maji ya mto Huveaune baada ya mvua kubwa. Tazama maswali ya mistral na mvua. Siku tulivu ya kiangazi, kwa kundi kubwa la watu wenye mikeka na vyakula, sioni pa kushinda Prado.

Nimeona watu wakioga kwenye miamba, hakuna ufukwe kabisa. Inaruhusiwa?

Ndiyo. Hiyo ni desturi ya Malmousque na vijipembe vya jirani, kati ya Catalans na Prophète, karibu na bandari ndogo ya wavuvi ya Vallon des Auffes. Unatandika taulo juu ya mwamba, unaingia majini kwa ngazi au kwa kujitumbukiza. Maji ni ya kina mara moja na hakuna mwokoaji, kwa hiyo si mahali pa mtu anayejifunza kuogelea.

Utaona vijana wakiruka kutoka juu ya majabali na kuta za Corniche. Usiwaige. Wao wamekulia hapo na wanajua kila jiwe lililojificha chini ya maji, na hata hivyo huumia.

Upande wa kaskazini kuna chochote?

Kuna Corbière, mwisho wa mji baada ya L'Estaque, fukwe kadhaa ndogo zilizopangana chini ya kilima. Wageni wengi hawafiki, nami naona wanapoteza. Kutoka huko unauona mji wote na bandari kwa mbali, na vilima vilivyo nyuma hukukinga kiasi na mistral. Basi la 35 kutoka kituo cha metro cha Joliette, au boti ya msimu kutoka Vieux-Port, vitakufikisha L'Estaque. Halafu ni kama nusu saa kwa miguu.

Ukirudi, simama kwenye vibanda vya L'Estaque ununue panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, na chichi, maandazi marefu yaliyovingirishwa kwenye sukari. Mtaa huu ndio mchoraji Cézanne aliokuwa akiuchora, paa zake nyekundu na ghuba ya buluu.

## Upepo, maji na viumbe

Mistral ni nini, na kwa nini kila mtu anautaja?

Ni upepo mkavu wa kaskazini na kaskazini-magharibi unaoshuka kupitia bonde la mto Rhône, umebanwa kati ya Alpi na milima ya katikati ya Ufaransa, ukifika pwani ukiwa na nguvu nyingi. Siku mbaya huvuma kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Husafisha anga ikawa buluu isiyo na wingu, na hapo ndipo wageni hudanganyika: wanaona jua dirishani, wanabeba mwavuli, wanafika Prado na mchanga unawachapa usoni.

Unaweza kuvuma msimu wowote, siku moja au wiki nzima. Siku hiyo achana na Prado na Pointe Rouge, isipokuwa kama unacheza na ubao wa tanga. Wachezaji wa ubao huo ndio hushangilia. Tafuta mahali penye mlima mgongoni na uso kusini: Corbière, au nje ya mji, vijiji vya Côte Bleue na Cassis (tazama sehemu yake hapa chini). Hata hivyo soma swali linalofuata kabla ya kuondoka.

Mbona maji yalikuwa ya joto jana, na leo ni barafu, tena mwezi wa Julai?

Mistral tena. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu husukuma maji ya juu, yale yaliyochomwa na jua, kuelekea bahari kuu. Nafasi yao huchukuliwa na maji ya kina, ambayo ni baridi. Joto la maji linaweza kushuka kwa nyuzi 5 au zaidi katika muda wa siku moja au mbili.

Shida ni kwamba maji baridi hupanda zaidi hasa kwenye pwani zinazotazama kusini, yaani calanques na Côte Bleue, zile zile zinazokukinga na upepo. Kwa hiyo siku ya mistral unachagua: mwili mkavu usiopigwa na upepo pamoja na maji baridi, au maji yenye nafuu pamoja na mchanga machoni. Mwenye watoto achague kivuli cha mlima na asikae sana majini. Upepo ukitulia, baada ya siku chache joto hurudi lenyewe.

Na upepo wa mashariki?

Huo ni kinyume. Huleta mawingu, mara nyingine mvua, na mawimbi yanayopiga Cassis, calanques na Côte Bleue. Maji huwa ya uvuguvugu, lakini bahari huchafuka. Siku hiyo baki upande wa ghuba ya Marseille, Catalans au Prophète, na utii bendera.

Bendera za ufukweni zina maana gani?

Kijani, bahari shwari. Njano, kuna hatari lakini ina mipaka, oga kwa tahadhari. Nyekundu, marufuku kuoga. Zambarau, maji yamechafuka kwa uchafu au kuna viumbe hatari. Hii ndiyo wageni wengi hawaijui, na huonekana mara nyingi baada ya mvua. Mpangilio huu ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2022. Bendera mbili zenye rangi nyekundu juu na njano chini huonyesha mipaka ya eneo linaloangaliwa na waokoaji. Kaa kati yake.

Waokoaji huwepo kwa kawaida kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba, saa za mchana. Nje ya hapo hakuna bendera, na kutokuwepo kwa bendera hakumaanishi usalama.

Naweza kuoga baada ya mvua?

Subiri. Mvua kubwa hukokota uchafu wa barabara na mitaro hadi baharini. Mto Huveaune katika siku za kawaida huelekezwa mbali, hadi Cortiou kule kwenye majabali, lakini maji yakizidi humwagikia Prado, na fukwe za jirani hufungwa. Jiji hupima maji kila mara katika msimu na kutangaza fukwe zilizofungwa, ufukweni na kwenye tovuti yake. Mimi humwambia kila mgeni asubiri saa 24 hata kama bendera haijapandishwa, na mvua ikiwa kubwa asubiri saa 48.

Kuna viumbe vya kuogopa?

Vya kuua, la. Vya kukuharibia siku, vipo vitatu. Cha kwanza ni konyeza, hasa wale wadogo wa zambarau ambao hufika kwa makundi kulingana na mikondo. Akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, usitumie maji baridi ya bomba wala kusugua. Cha pili ni vinyama vyeusi vya miiba vilivyojibandika kwenye miamba. Viatu vya majini vinatosha. Cha tatu ni samaki mdogo anayejifukia mchangani karibu na ufuo, mwenye mwiba wa sumu mgongoni. Ukimkanyaga utajua. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, na uende kwa waokoaji.

Majani ya kahawia yanayorundikana ufukweni si takataka. Ni nyasi za baharini ziitwazo posidonia, zinazolea samaki wachanga chini ya maji, na zikitupwa nchi kavu huzuia mawimbi yasile mchanga.

## Calanques

Calanque ni nini, na niende ipi?

Ni hori jembamba linaloingia kati ya kuta za chokaa nyeupe, maji yake ya kijani na buluu. Yako kusini mwa mji hadi Cassis, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2012, inayolinda nchi kavu na bahari pia.

Kwa mara ya kwanza ningekupeleka Sormiou: basi la 23 hadi La Cayolle, halafu kama dakika 45 za kutembea, na mwisho unapata mchanga na nafasi. Barabara yake hufungwa kwa magari ya wageni majira ya joto, kwa hiyo usihangaike na gari. Morgiou, kupitia basi la 22 hadi Les Baumettes, ina bandari ndogo na mvuto wa kijiji. Karibu na rasi ya Morgiou, mita 37 chini ya uso wa bahari, ndiko uliko mlango wa pango la Cosquer lenye michoro ya watu wa kale. Pango halisi haliingiliki, lakini nakala yake imefunguliwa mjini tangu 2022.

Kama miguu au muda havitoshi, nenda Les Goudes au Callelongue mwisho wa barabara. Utaonja majabali hayo bila kupanda mlima.

Sugiton inahitaji kibali, ni kweli?

Kweli, tangu 2022, na ni bure. Kabla ya hapo watu hadi 2,500 waliteremka kwa siku kwenye kijihori hicho. Udongo ulikuwa ukimomonyoka na miti kubaki mizizi nje. Sasa ni watu 400 kwa siku, kwa kujiandikisha kwenye tovuti ya hifadhi, kila siku katika kilele cha kiangazi na pia wikendi kadhaa kabla na baada yake. Unapewa alama ya kuonyesha kwa walinzi; bila hiyo, faini ni euro 68. Basi la B1 kutoka Castellane hadi Luminy, kisha utembee.

Naunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote. Waliofika kabla na baada wanaiona tofauti kwa macho.

Wanaokwenda na watoto wajue kuwa Pierres Tombées, jirani ya Sugiton, kwa desturi huogewa na watu wasiovaa nguo.

Nilifika nikakuta njia imefungwa. Kwa nini?

Kwa sababu ya hatari ya moto. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, mkoa hutangaza kila jioni hali ya kesho yake kwa rangi, na rangi nyekundu maana yake milima imefungwa siku nzima. Hutegemea ukavu na upepo, kwa hiyo siku ya mistral mara nyingi huwa ndiyo siku ya kufungwa. Angalia programu ya simu ya hifadhi, Mes Calanques, usiku wa kuamkia safari. Kuvuta sigara ndani ya milima hiyo ni marufuku, na kuwasha moto hakuna mjadala.

Boti za utalii kutoka Vieux-Port zitanishusha huko?

Nyingi hazishushi. Unaona mahori ukiwa juu ya boti, unarudi. Baadhi husimama watu waoge wakiruka kutoka botini. Uliza kabla ya kulipa, maana malalamiko mengi huanzia hapo.

Nibebe nini?

Maji, angalau lita 2 kwa kila mtu, kwa sababu njiani hakuna bomba. Viatu vya kufunga, si kandambili: chokaa iliyokanyagwa miaka mingi huteleza kama sabuni. Kofia, chakula, na mfuko wa kurudisha taka zako zote.

## Visiwani na nje ya mji

Visiwa vya Frioul vina ufukwe?

Vina vijihori vyenye maji safi sana. Boti kutoka Vieux-Port huchukua kama nusu saa, na zingine hupitia ngome ya If. Visiwa viwili vikubwa, Pomègues na Ratonneau, viliunganishwa kwa tuta katika miaka ya 1820, enzi meli zilizoshukiwa kuwa na magonjwa zilipokuwa zikizuiliwa hapo. Saint-Estève, chini ya hospitali ya zamani ya karantini, ndipo ningekaa na familia.

Kivuli ni haba mno, beba chako. Bahari ikichafuka boti hazisafiri, kwa hiyo usiende asubuhi yenye dalili za mistral ukiwa na ndege ya kupanda jioni.

Cassis inafaa kwa siku moja?

Inafaa sana siku za kazi, si Jumapili ya Agosti. Mji mdogo, ufukwe wa Grande Mer uko kando ya bandari, na juu yake jabali la Cap Canaille lenye urefu wa mita 394. Kwa miguu unafika Port-Miou, halafu Port-Pin yenye misonobari hadi ukingoni, halafu En-Vau, ambayo wengi huiona kuwa nzuri kuliko zote. Mteremko wa mwisho wa En-Vau ni mkali na unateleza. Wazee na watoto waishie Port-Pin bila kujuta. Stesheni ya treni iko kilomita 3 hivi kutoka mjini, basi kutoka Castellane ni nafuu zaidi.

Côte Bleue ni wapi?

Ni pwani ya kaskazini-magharibi mwa ghuba. Treni kutoka Saint-Charles, stesheni kuu ya Marseille, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1915, hupita juu ya madaraja na ndani ya mahandaki huku bahari ikitokea na kupotea. Shuka Niolon kwa miamba na kuzamia, La Redonne kwa utulivu, Carry-le-Rouet au Sausset-les-Pins kwa miji yenye huduma, La Couronne kwa mchanga mpana wa Verdon. Treni si nyingi. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujavua viatu.

## Stara, usalama na hali za pekee

Mimi ni Mwislamu. Naweza kuoga nikiwa nimejisitiri?

Baharini, ndiyo. Mwaka 2016 miji kadhaa ya kusini mwa Ufaransa ilipiga marufuku burkini, vazi la kuogelea la kujisitiri mwili mzima, ufukweni, na tarehe 26 Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya utawala ilisimamisha amri ya mji wa Villeneuve-Loubet, ikisema haki za msingi zimevunjwa. Marseille hutaona shida: Prophète na Corbière utakuta akina mama wengi waliojisitiri wakiingia majini na watoto wao. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa ni habari nyingine, masharti yao ya mavazi ni makali, hata kaptula ndefu za wanaume hukataliwa. Kinamama wengine wataoga kifua wazi, ni halali hapa. Chagua pembe yako.

Kuna wizi?

Upo, wa kuvizia. Usilete pasipoti wala dhahabu. Ogeni kwa zamu, mmoja abaki na mifuko. Usiache kitu kinachoonekana ndani ya gari, hasa maegesho ya kuelekea calanques.

Sigara, je?

Tangu kiangazi cha 2025 ni marufuku kwenye fukwe za Ufaransa katika msimu wa kuoga, faini euro 135.

Nikipata dharura nipige wapi?

Nambari 112 hupokelewa popote. Ukiona mtu amezidiwa baharini, piga 196, ni kituo cha uokoaji wa baharini. Nambari 15 ni ya matibabu, 18 ya zimamoto. Zimamoto wa Marseille ni wanajeshi wa majini, kikosi kilichoundwa mwaka 1939 baada ya duka kubwa la mjini kuteketea mwaka uliotangulia, nao huokoa nchi kavu na baharini.

Nina mzee anayetumia kiti cha magurudumu.

Baadhi ya fukwe za jiji zenye waokoaji huwa na viti maalumu vinavyoelea na watu wa kusaidia, katika msimu. Vinatumika bure, lakini ni vichache, fika asubuhi. Epuka Malmousque na calanques zote.

Meli yetu inatia nanga kwa saa chache tu. Tutawahi?

Mtawahi Catalans. Bandari ya meli za abiria iko kaskazini, mbali kuliko ramani inavyoonyesha, kwa hiyo tengeni saa nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi. Msijaribu Sormiou wala Frioul.

Nikija majira ya baridi, kuna maana ya kwenda ufukweni?

Ipo. Mwezi Februari maji ni kama nyuzi 13, wanaoingia ni wale wazee wa Catalans na vijana wenye nguo za mpira. Lakini calanques ziko wazi, hakuna kibali cha Sugiton wala rangi nyekundu, na siku isiyo na mistral unaweza kula chakula cha mchana Sormiou ukiwa na sweta tu. Jua hutua mapema, kama saa kumi na moja na nusu jioni mwezi Januari, kwa hiyo anza safari asubuhi.